Alfred Russel Wallace, Mtu Aliyesoma Visiwa

Kijana mmoja wa kanisa letu anayesoma Mbarara aliniuliza swali lililonishinda: kwa nini kisiwa cha Unguja kilikuwa na chui, na Pemba hakina, wakati visiwa hivyo ni majirani? Jibu nililipata katika maisha ya Alfred Russel Wallace.

Alizaliwa Wales tarehe 8 Januari 1823. Wazazi waliishiwa pesa, akaacha shule akiwa na miaka kama 14, akajifunza kupima ardhi pamoja na kaka yake. Mwaka 1848 alikwenda Amazoni kukusanya ndege na wadudu wa kuuza Ulaya. Mdogo wake Herbert alimfuata, akafa huko kwa homa ya manjano. Mwaka 1852 Wallace alipokuwa anarudi nyumbani, meli ilishika moto katikati ya bahari. Mali yake karibu yote iliteketea, akabaki na michoro michache. Walikaa siku kumi katika mashua ndogo mpaka meli nyingine ikawaokoa. Sisi wa Nakivale hatuhitaji maelezo mengi hapo.

Mwaka 1854 aliondoka tena, akakaa miaka 8 katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, akisaidiwa sana na kijana mwenyeji aitwaye Ali. Mwaka 1856 alivuka kutoka Bali kwenda Lombok. Ni kilomita kama 35 tu za maji, lakini Lombok alikuta kasuku weupe wa jamii ya Australia, ambao Bali hakuwaona. Wallace akatambua kwamba jambo kubwa si upana wa bahari, bali kina chake. Palipo na maji mafupi, zamani palikuwa nchi kavu, na wanyama walipita kwa miguu. Palipo na kilindi, nchi zilitengana tangu kale sana.

Mwaka 1858, akiwa mgonjwa wa homa, alifikiri jinsi viumbe wanavyobadilika, akamwandikia Darwin. Maandiko ya wote wawili yalisomwa pamoja London, lakini leo wengi wanamtaja Darwin peke yake. Imani yake Wallace haikuwa kama yetu, na kwa hilo simsifu.

Sasa turudi kwa swali la kijana wetu. Kati ya Unguja na bara maji ni mafupi. Zamani za barafu kuu bahari ilishuka mita kama 120, Unguja ikawa sehemu ya bara, na chui akapita. Mkondo wa Pemba una kina cha mita kama 800, haukukauka. Ndiyo maana Pemba ina popo wake mkubwa na ndege wake wa pekee, wenye mabawa. Kima punju wachache walioko msitu wa Ngezi walipelekwa na watu miaka ya 1970.

Wallace aliandika kitabu kizima juu ya visiwa mwaka 1880. Alifariki Broadstone, Uingereza, tarehe 7 Novemba 1913, akiwa na miaka 90.