Kepler: Aliacha swali lililosubiri kompyuta

JOHANNES Kepler anafahamika zaidi kwa kugundua kuwa sayari hulizunguka Jua katika njia ya duaradufu. Wachache wanajua kwamba aliacha pia swali la hisabati ambalo jibu lake lilihitaji kompyuta, zaidi ya miaka 380 baadaye.

Kepler alizaliwa Desemba 27, 1571, mjini Weil der Stadt, Ujerumani. Ndui ya utotoni ilimdhoofisha macho, hivyo alizisoma nyota zaidi kwa hesabu kuliko kwa kuzitazama. Njia ya sayari ya Mirihi peke yake ilimgharimu miaka ya kukokotoa kwa kalamu.

Mwaka 1611, akiwa mwanahisabati wa Kaisari Rudolf II mjini Prague, aliandika kijitabu kuhusu chembe za theluji. Humo alieleza kuwa mipira yenye ukubwa sawa haiwezi kubanana kuliko inavyobanana ikipangwa kama machungwa sokoni, kila moja likikaa kwenye kishimo kati ya yale ya chini. Hakutoa uthibitisho.

Mwaka 1615 mama yake, Katharina, alituhumiwa kuwa mchawi. Alipokamatwa mwaka 1620, Kepler alisafiri kwenda kumtetea, akazipangua tuhuma moja baada ya nyingine. Mama huyo aliachiwa huru mwaka 1621, baada ya zaidi ya mwaka kifungoni.

Mwaka 1623 Wilhelm Schickard, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Tübingen, alimwarifu kuwa ameunda mashine ya kukokotoa. Ile iliyokuwa ikitengenezwa kwa ajili ya Kepler iliteketea kwa moto mwaka uliofuata kabla haijakamilika. Kepler aliendelea kukokotoa kwa mkono hadi alipofariki dunia mjini Regensburg, Novemba 15, 1630.

Mwaka 1998 Mmarekani Thomas Hales, akisaidiwa na mwanafunzi wake Samuel Ferguson, alitangaza kulithibitisha dai la 1611 kwa msaada wa kompyuta. Wahakiki waliochunguza kazi hiyo kwa miaka kadhaa walisema wana hakika kwa asilimia 99, kwani hesabu za mashine zilikuwa nyingi mno kukaguliwa na binadamu.

Hales hakuridhika. Mwaka 2003 alianzisha mradi wa kuifanya kompyuta ikague kila hatua ya hoja, tangu kanuni za msingi za mantiki. Kazi hiyo ilikamilika Agosti 2014, na Kepler akaonekana alikuwa sahihi. Asilimia moja iliyobaki ilikuwa imechukua miaka 11.