RUMANYIKA WA KARAGWE NA KILO ZA WANAWAKE



Katika ukurasa huu wa watu mashuhuri tumezoea kuwasoma kina Nyerere na Kenyatta. Leo naomba turudi nyuma zaidi, kabla Mjerumani na Mwingereza hawajagawana nchi, tukamwone Omukama Rumanyika wa Karagwe. Nina sababu mbili za kumchagua. Ya kwanza, mimi ni Mnyambo wa Kayanga, na mwamba ngoma huvutia kwake. Ya pili, tangu nifike hapa Campbelltown kusomea uuguzi sijakaa na kina dada wa chama chetu saa nzima bila mada ya kilo kuingia. Fulani amekonda, fulani kajiachia, fulani mifupa inamtoka shingoni. Katika habari za Rumanyika kuna jambo linalohusu mjadala huo moja kwa moja, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Karagwe iko kaskazini magharibi mwa Tanzania, ng'ambo ya Mto Kagera ukitokea Rwanda. Watawala wake walikuwa wa ukoo wa Wahinda na makao yao makuu yalikuwa Bweranyange. Rumanyika alikuwa mtoto wa Omukama Ndagara. Ndagara alipofariki katikati ya miaka ya 1850 watoto wake waligombea kiti. Masimulizi yanasema ngoma ndogo ya ufalme iliwekwa mbele ya ndugu, na ni Rumanyika peke yake aliyeweza kuinyanyua. Ndugu yake Rogero hakukubali matokeo (mambo ya uchaguzi hayakuanza jana!) akaingia vitani. Katika kumshinda, Rumanyika alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na makazi Kaze, yaani Tabora ya leo.

Urafiki huo unaonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Karagwe ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani kwenda Buganda, na yeye alijua kukaa na wageni. Kapteni John Hanning Speke na mwenzake James Grant walipofika kwake Novemba 1861, wakitafuta chanzo cha Mto Nile, aliwakaribisha kwa Kiswahili kizuri. Fikiria, mfalme wa bara kabisa, mbali na pwani, hakuna gari wala reli, anaongea lugha ninayoiandikia makala haya! Aliwauliza maswali mengi kuhusu dunia, akatuma watu Buganda kuwatangulizia habari kwa Kabaka Mutesa, na Speke alipoondoka Januari 1862 alimtunza Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, kwa miezi kadhaa. Stanley naye alipopita mwaka 1876 alimkuta mzee mpole, akaonyeshwa hazina yake ya mikuki na sanamu za ng'ombe za chuma na shaba. Wazungu hawa hawakuwa wepesi wa kumsifu Mwafrika, lakini Rumanyika walimsifu wote.

Sasa tuje kwenye mada yetu. Kwa Rumanyika mali ilikuwa ng'ombe, na maziwa ya ng'ombe yalikuwa na kazi moja maalumu. Wake wa mfalme na wa wana wa ukoo wake walinyweshwa maziwa mpaka wakanenepa kiasi cha kushindwa kusimama. Huo ndio ulikuwa uzuri. Speke aliambiwa habari hizo na Musa kabla hajafika, na alipofika akataka kuhakikisha kwa macho yake. Siku moja alikwenda kwa shemeji wa mfalme, mke wa kaka yake, akaomba ampime. Ili mama yule akubali, ilibidi mgeni naye aonyeshe mikono na miguu yake mitupu. Basi akapima, na vipimo akaviandika katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1863. Nikivigeuza kuwa sentimita, mkono wa juu ulikuwa na mzingo wa 58, kifua 132, paja 79, ndama ya mguu 51. Urefu ulikuwa kama 173, ingawa huo ulikuwa mgumu kuupima kwa sababu mama hakuweza kusimama. Alitembea kwa magoti na viganja kama mtoto mchanga.

Pembeni alikaa binti yake wa miaka 16 akinyonya chombo cha maziwa. Baba yake alikuwa amemkalia na fimbo mkononi ili asiache kunywa.

Mimi hiyo fimbo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ukisoma harakaharaka utasema, aa, kumbe wazee wetu waliwaenzi wanawake wanene, tofauti na Wazungu na magazeti yao ya wanamitindo waliobaki mifupa. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi hapa, tena kwa majivuno. Lakini msichana anayependa maziwa hahitaji fimbo. Mwili wake ulikuwa unatangaza kitu ambacho si chake: ng'ombe wa baba, na baadaye ng'ombe wa mume. Mama asiyeweza kusimama maana yake ni mume mwenye watumishi wa kumfanyia kila kitu. Wanaume wenyewe hawakunyweshwa namna hiyo. Na wake wa wakulima, waliokuwa wengi katika nchi, hawakunenepeshwa hata kidogo, walilima. Kwa hiyo tusiseme ni mwili wa Mwafrika ulivyo, au hata wa Mnyambo. Ulikuwa mwili wa tabaka moja.

Ushahidi ulikuja baadaye. Rumanyika alifariki miaka michache baada ya ziara ya Stanley, na wana wa ukoo wakaanza tena kuuana kwa ajili ya kiti. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikapita Afrika Mashariki yote na kufyeka ng'ombe. Maziwa yalipokwisha, na unene ule wa kifalme ukakosa cha kuulisha. Machifu wenyewe walifutwa Tanganyika mwaka 1963. Jina la mfalme limebaki katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019. Jina la yule mama aliyepimwa, na la binti yake, Speke hakutuachia.

Sasa turudi Campbelltown. Sisi hatuna ng'ombe, lakini fimbo bado tunayo, imebadilika sura tu. Dada anatuma picha nyumbani, mtulinga unaonekana, yaani ule mfupa wa chini ya shingo. Dakika hiyohiyo shangazi anapiga simu: huko hawakulishi? Unaumwa? Utaolewa na nani ukiwa hivyo? Nimeona dada akila usiku kwa nguvu ili arudi nyumbani likizo na mashavu. Nimeona pia mwingine anayeruka chakula siku nzima kati ya darasa na zamu ya usiku ya kutunza wazee, anakunywa kahawa tupu, halafu anasifiwa darasani kwamba amependeza. Huyu na yule wote wanatangaza mali ya watu wengine. Mmoja anatangaza kwamba familia haikupoteza nauli. Mwingine anatangaza kwamba ameshakuwa mtu wa hapa.

Je, mfupa ukionekana ni ugonjwa? Kwa kweli mfupa peke yake hausemi mengi. Kuna wanawake wengi wazima kabisa ambao mtulinga wao unaonekana tangu ujana, kwa sababu ya umbo la mabega na mahali mwili unapoweka mafuta. Na kuna mwenye shingo iliyojaa ambaye ana upungufu wa damu. Kipimo cha kuanzia kinachotumika duniani ni kuchukua kilo zako ukagawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi chini ya 25 ni wa kawaida, 25 kwenda juu umezidi, na 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Dada wa urefu wa yule mama wa Karagwe, sentimita 173, yuko kawaida tangu kilo 56 mpaka 74. Unaona nafasi ilivyo kubwa? Kilo 18 nzima! Ndani yake kuna wenye mifupa ya kuonekana na wasio nayo, na wote wazima. Hata hivyo namba hiyo haijui misuli wala mafuta yamekaa wapi, ndiyo maana wauguzi hupima na kiuno. Kwa wanawake, kuanzia sentimita 80 tunaanza kuangalia kisukari na shinikizo la damu.

Cha kutisha zaidi ni mabadiliko. Ukipungua asilimia 5 au zaidi ya uzito wako ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, nenda kwa daktari. Hedhi ikikatika na huna mimba, nenda kwa daktari. Ukichoka ovyo, ukisikia kizunguzungu, ukikohoa wiki kadhaa, nenda. Kukonda sana hudhoofisha mifupa yenyewe, na deni hilo hulipwa uzeeni. Na kwetu nyumbani matatizo yote mawili yapo pamoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na asilimia 10 ni wembamba kupita kiasi. Kwa hiyo shangazi anayesifu kila unene na rafiki anayesifu kila wembamba, wote wawili wanaweza kumwangamiza mtu wakiwa wanacheka.

Rumanyika simlaumu sana. Alikuwa mtawala mwema kwa kipimo cha zama zake, na desturi aliikuta. Lakini ningependa tumkumbuke na wale wanawake wa nyumbani kwake ambao hawakuulizwa. Kina kaka, nanyi mjihadhari na utani wa kilo kwenye sherehe zetu. Kina dada, shangazi akipiga simu mwambie umepima, mtajie namba, kisha muulize na yeye kiuno chake na presha yake vikoje. Huenda hajapima tangu mwaka juzi.