IBN AL-HAYTHAM: MWANACHUONI ALIYECHUNGUZA KWA NINI HATUONI SAWA

 

Ndugu wanafunzi na wazazi watukufu, kila ifikapo magharibi ya tarehe 29 Shaabani, watu wetu hutoka nje kwenda mahali pa wazi na juu ya mapaa ya nyumba kuutazama mwezi. Husimama bega kwa bega na kuelekea upande mmoja wa mbingu. Mara mmoja husema ameuona, na aliye kando yake hukaza macho asione kitu. Hapo ndipo maneno huanza. Huyu huitwa mwongo, yule huitwa kipofu, na pengine maneno hayo hufuatana na watu mpaka majumbani mwao yakaingia baina ya ndugu na ndugu. Suala la kujiuliza ni hili: ikiwa mbingu ni moja na macho ni mazima, vipi watu wawili wanatofautiana?

Zaidi ya miaka 900 iliyopita alikuwepo mwanachuoni wa Kiislamu aliyelifanyia kazi suala hili kwa miaka mingi. Naye ni Ibn al-Haytham. Mwaka huu tumeona ni vyema tukumbushane habari zake, kwani ndani yake mna elimu na pia mna adabu.

KUZALIWA NA KUKUA KWAKE

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa katika mji wa Basra, nchini Iraq, mnamo mwaka 354 Hijria, sawa na mwaka 965 Miladia. Wazungu walimjua kwa jina la Alhazen, ambalo limetokana na jina lake la al-Hasan.

Basra ya zama hizo ilikuwa mji wa bandari na wa elimu, wenye watu wa madhehebu na rai nyingi. Katika vitabu vya tarehe yamehifadhiwa maelezo yanayonasibishwa kwake kuhusu ujana wake. Inaelezwa kuwa tangu utotoni alikuwa akitafakari juu ya itikadi mbalimbali za watu, na jinsi kila kundi linavyoshikilia rai yake. Mwisho wa kutafakari kwake alifikia yakini kwamba ukweli ni mmoja tu, na kwamba hitilafu zinatokana na njia ambazo watu wanapita kuuendea. Fikra hii tuiweke akilini, kwa sababu ndiyo inayoonekana katika kazi zake zote.

Alisoma hesabu, elimu ya nyota na falsafa, na akaandika sana. Waandishi wa tarehe wametaja kazi zake zaidi ya 90.

SAFARI YA MISRI NA MTO NILE

Mwanahistoria Ibn al-Qifti anasimulia kuwa Ibn al-Haytham alipata kusema kwamba lau angelikuwa Misri angeliufanyia mto Nile jambo la kuwafaa watu wakati maji yanapojaa na wakati yanapopungua. Habari hizo zikamfikia al-Hakim, mtawala wa dola ya Kifatimi, naye akamwita Cairo na kumpa watu wa kufanya nao kazi.

Ibn al-Haytham akasafiri na mafundi kuelekea kusini. Njiani akayaona majengo ya Wamisri wa kale, yaliyojengwa kwa ufundi na hesabu za hali ya juu. Akatambua kuwa watu wenye ujuzi kama ule, lau jambo alilolikusudia lingewezekana, wangelikwisha kulifanya. Alipofika upande wa Aswan na kuyaona maporomoko kwa macho yake, alikuta hali sivyo alivyoidhania. Akarudi na kukiri kuwa kazi ile hawezi.

Tuzingatie hapa. Mto ulikuwa ni ule ule. Alipousikia akiwa Iraq aliuona kwa namna moja, na aliposimama kando yake aliuona kwa namna nyingine. Baada ya miaka mingi, kati ya 1960 na 1970, wahandisi walijenga Bwawa Kuu katika eneo hilo hilo la Aswan, kwa sababu wao walikuwa na zana ambazo yeye hakuwa nazo.

Al-Hakim alikuwa mtawala wa kuogopwa, aliyeweza kumuua mtu kwa sababu ndogo. Akampa Ibn al-Haytham kazi ya serikali, naye kwa kuikhofia nafsi yake akajifanya mwendawazimu. Akafungiwa nyumbani mwake na mali yake ikawekwa chini ya uangalizi. Hali hiyo ilidumu mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 Hijria (1021 Miladia). Hapo ndipo akadhihirisha akili zake. Kwa muda wote ule watu walimtazama wakaona mwendawazimu, kumbe mbele yao palikuwa na mmoja wa wenye akili kubwa kabisa wa zama zake.

Baada ya hapo alikaa karibu na Msikiti wa al-Azhar. Inasimuliwa kuwa kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vya hesabu na vya elimu ya nyota, akaviuza kwa dinari 150, na hizo zikawa riziki yake ya mwaka mzima. Alifariki Cairo mnamo mwaka 430 Hijria, yaani karibu na mwaka 1040 Miladia. Allah amrehemu.

KITABU CHAKE CHA KUONA

Kazi yake kubwa ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu 7, alichokiandika mwanzoni mwa karne ya 5 Hijria. Kabla yake, wakubwa wa Kigiriki kama Euclid na Ptolemy walisema kuwa jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu. Ibn al-Haytham alilikataa hilo. Alieleza kuwa mtu akilitazama jua jicho humuuma, na akigeuka bado hubakiwa na alama ya mwanga machoni. Basi ni mwanga unaoingia katika jicho, wala si jicho linalotoa miali.

Hakutosheka na maneno, bali alifanya majaribio. Aliweka taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu la chumba chenye giza. Mwanga wa kila taa ukaonekana ukutani peke yake. Alipoifunika taa moja, doa la taa ile tu ndilo lililotoweka.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi leo ni lile alilolieleza baada ya hapo. Alisema kuwa mwanga kuingia jichoni ni mwanzo tu wa kuona. Kuna mambo matatu:

1. Kuhisi. Jicho lenyewe hupokea mwanga na rangi tu.

2. Kutambua. Akili hulinganisha kilichoingia na picha zilizohifadhiwa katika kumbukumbu. Ndiyo maana unamjua rafiki yako kwa kumtupia jicho mara moja.

3. Kupima na kukisia. Akili hutoa hukumu juu ya umbali, ukubwa, mwendo na uzuri wa kitu. Hukumu hii hupita haraka mno hata mtu hajui kuwa amehukumu. Alitoa mfano wa mtoto mdogo anayeonyeshwa matofaa mawili akachagua lililo zuri zaidi. Mtoto yule amelinganisha na kuhukumu, na wala hajui kuwa amefanya hivyo.

Alitoa pia mfano wa neno abjad. Anayejua kusoma akiliona hulitambua hapo hapo kwa umbo lake, bila ya kupita herufi moja moja. Nyinyi wanafunzi mnalijua hili vizuri. Aliyeanza chuo juzi hufinyanga herufi na irabu mpaka neno likatoka, na aliyehitimu hulisoma kwa kupepesa jicho. Ukurasa ni mmoja, ila kila mmoja amekuja na kumbukumbu yake. Na kumbukumbu hiyo hiyo ndiyo humponza mwenye kuhifadhi, akaona mwanzo wa aya na ulimi ukateleza kwenye aya nyingine iliyofanana nayo.

Wazee wetu nao walilijua hili waliposema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Unyasi haukubadilika. Kilichotofautiana ni yaliyowapata watazamaji.

MASHARTI YA KUONA SAWASAWA

Ibn al-Haytham alitaja mambo 8 ambayo kila moja likizidi au likipungua kupita kiasi, mtu huona makosa:

1. Umbali baina ya jicho na kitu.
2. Kitu kiwe kinaelekeana na jicho.
3. Mwanga.
4. Ukubwa wa kitu.
5. Kitu kiwe kizito kiasi cha kuzuia mwanga usipenye wote.
6. Hewa iliyo katikati iwe safi.
7. Muda wa kutosha wa kutazama.
8. Afya ya jicho.

Akaeleza kuwa ukimwona mtu kwa mbali unaweza kumdhania ni Zaid kumbe siye. Mawingu mepesi yakipita mbele ya mwezi, utadhani mwezi ndio unaokimbia. Alieleza pia kwa nini mwezi ukiwa chini karibu na upeo huonekana mkubwa kuliko ukiwa juu. Akili huuona upo mbali zaidi kwa sababu ya ardhi na vitu vilivyo katikati, kwa hiyo huukisia kuwa ni mkubwa. Mwanafunzi anaweza kujaribu. Nyoosha mkono, ufunike mwezi kwa kidole kimoja unapochomoza, kisha rudia usiku unapokuwa juu. Utakuta ni ule ule.

Sasa turudi kwenye mwezi mwandamo. Ni mwembamba, mwanga wake ni hafifu, mbingu bado ina wekundu wa magharibi, hewa ina vumbi au mvuke, na muda wake ni mchache. Katika masharti 8, karibu yote yana upungufu. Si ajabu mkweli mmoja akauona, na mkweli mwenzake asiuone.

Na pia mkweli anaweza kuona kisichokuwepo. Imepokewa katika vitabu vya tarehe kuwa huko huko Basra, Sahaba Anas bin Malik (R.A.), akiwa na umri unaokaribia miaka 100, alitoka na watu kuutafuta mwezi akasema ameuona, akawa anaashiria. Wenzake hawakuona kitu. Iyas bin Muawiya, aliyekuja kuwa kadhi wa Basra, akamtazama, akakuta unywele mweupe wa nyusi umepinda mbele ya jicho lake. Akaufuta na kuuweka sawa kwa adabu, kisha akamwomba atazame tena. Mzee hakuuona. Iyas hakumwita Sahaba wa Mtume mwongo. Alitafuta sababu, akaiondoa.

BAADA YAKE

Kitab al-Manazir kilifasiriwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1200 na kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, alikisherehesha na kwa njia yake akaeleza jinsi upinde wa mvua unavyotokea. Kwa upande wa Ulaya, Kepler alionyesha mwaka 1604 kuwa picha huangukia kwenye retina, nyuma ya jicho. Hapo Ibn al-Haytham alikosea, kwani yeye alidhani hisia huanzia kwenye lenzi. Lau angelikuwa hai asingelikasirika, kwa sababu katika kitabu alichoandika kumkosoa Ptolemy alifundisha kuwa mtafuta ukweli asiwaamini wakubwa kwa ukubwa wao, na aitilie shaka hata nafsi yake mwenyewe.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, tusiwe wepesi wa kumwita mtu mwongo. Kabla ya kusema hivyo tuulize: alisimama wapi, palikuwa na mwanga gani, alitazama kwa muda gani? Suratul-Hujurat imetufundisha kuhakikisha habari na kujiepusha na dhana.

Pili, kila mtu huona kwa yale anayoyajua. Katika Suratul-Kahf, Nabii Musa (A.S.) aliiona jahazi iliyotobolewa akaona uharibifu. Khidhr (A.S.) aliona uokovu, kwani alijua habari ya mfalme aliyekuwa akipora majahazi. Basi mzazi anapomkataza mtoto, huenda anaona kilicho mbele ambacho mtoto hajakijua. Na mzazi naye amsikilize mtoto, huenda ameona kwa karibu kile ambacho mzazi amekiona kwa mbali.

Tatu, tofauti zetu za kuona haziufanyi ukweli kuwa wawili. Mwezi ama umeandama au haujaandama. Ndiyo maana kadhi huwahoji mashahidi mmoja mmoja, wala hawafukuzi.

Nne, kila mmoja wetu aanze kuufuta unywele ulio mbele ya jicho lake mwenyewe.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuunganishe nyoyo zetu. Amin.