Lord Delamere: Mgala na Haki Yake

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kilituagiza tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Wenzangu wengi walimkimbilia Dedan Kimathi na Mekatilili. Mimi nikamchagua Lord Delamere, na darasa zima likanicheka. Ati mzungu! Lakini wahenga walisema mgala muue na haki yake umpe. Tena mimi ni mzaliwa wa Njoro, na kila asubuhi nikienda shule napita kando ya mashamba ya ngano. Nilitaka kujua ngano hiyo ilianzaje.

Jina lake halisi lilikuwa Hugh Cholmondeley. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870 katika mkoa wa Cheshire, Uingereza. Baba yake alipofariki mwaka wa 1887, kijana huyu wa miaka kumi na saba tu akarithi kila kitu: nyumba kubwa, mashamba na cheo cha Baron Delamere, akiwa wa tatu kukishika. Kwa cheo hicho mtu aliingia katika Baraza la Malodi huko London bila kupigiwa kura na yeyote. Yaani alizaliwa mheshimiwa!

Alikuwa ofisa katika jeshi la akiba la mkoa wake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye uwindaji. Tangu 1891 alikuwa akija Somalia kuwinda simba. Katika safari moja simba alimrukia akamtafuna mguu. Aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, ambaye alimvamia simba yule kwa mikono mitupu. Delamere akapona, ila alichechemea maisha yake yote. Kila nikifikiria habari hii nasema, bila Msomali yule kusingekuwa na Lord Delamere wa kuandikwa.

Mwaka wa 1897 alitoka Somalia kwa ngamia, akapita Marsabit hadi Laikipia. Alipoiona nchi ile ya baridi na nyasi tele, akaipenda papo hapo. Alimwoa Lady Florence Cole mwaka wa 1899, na mwaka wa 1903 serikali ya kikoloni ikampa ekari 100,000 hapa Njoro kwa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka. Mimi si hodari wa hesabu, lakini niligawa mara mbili. Haifiki hata nusu ya peni kwa ekari moja!

Basi akafikiri ametajirika. Kumbe Wamaasai hawakuwa wajinga kuliepuka eneo lile. Udongo wake una upungufu wa madini, na kondoo wake wa kigeni wakafa kwa wingi. Akaleta ng'ombe, nao wakafa kwa magonjwa. Akapanda ngano, ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Mwingine angefunga virago akarudi kwao. Yeye aliweka rehani mali yake ya Uingereza, akaajiri mtaalamu wa mimea na kujaribu mbegu baada ya mbegu, mpaka zikapatikana zinazostahimili kutu. Mwaka wa 1908 alianzisha kampuni ya Unga ili ngano isagwe hapa hapa. Hapo lazima tumpe haki yake. Ukila chapati, kuna jasho lake kidogo ndani.

Lakini jasho la nani zaidi? Mwaka wa 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa ili wazungu wapate nafasi, na baadaye Delamere akapata shamba lake la pili, Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita. Jambo la ajabu ni kwamba aliwapenda sana Wamaasai na akajifunza lugha yao. Vita vya 1914 vilipozuka, alilinda mpaka wa Wajerumani pamoja na vijana wa Kimaasai. Aliwapenda watu, na akakaa juu ya ardhi yao.

Katika siasa ndiye aliyekuwa kiongozi wa masetla. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1907. Mwaka uliofuata aliongoza maandamano hadi kwa Gavana, masetla wakilalamika kwamba Waafrika hawaji kwa wingi kuwafanyia kazi, hata akasimamishwa barazani kwa muda. Mwaka wa 1923 alikwenda London kupinga Wahindi wasipewe kura sawa wala ardhi ya nyanda za juu. Serikali ya Uingereza ikatoa tamko kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika kwanza, ila nyanda za juu zikabaki za wazungu. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia barazani mwaka wa 1944, na Delamere alikuwa amekufa miaka kumi na mitatu.

Alifariki Loresho, Nairobi, tarehe 13 Novemba 1931, akiacha madeni makubwa ya benki. Barabara kuu ya Nairobi ikaitwa kwa jina lake na sanamu yake ikasimamishwa hapo. Tulipopata uhuru, barabara ikawa ya Kenyatta na sanamu ikapelekwa Soysambu, ambako ndiko alikozikwa.

Nilimsomea babu yangu habari hizi. Yeye alizaliwa skwota katika shamba la mzungu mwingine, si huyu. Alinyamaza kitambo, halafu akaniambia kwamba baba yake alilima ngano maisha yake yote akazikwa pembeni mwa shamba lile. Baadaye shamba likakatwa vipande likauzwa, na leo hakuna anayeweza kutuonyesha kaburi liko wapi.

Ndugu wasomaji, kaburi la Lord Delamere linajulikana. Mimi nimempa haki yake bila choyo. Sasa naomba kila mmoja wenu aende nyumbani jioni, amwulize mzee wake jina la yule aliyeshika jembe, aliandike kabla halijasahauliwa. La kwetu nimekwisha kuliandika kwenye jalada la daftari langu. Kwaherini.