Stefano Kaoze: msomi wa kwanza aliyerudi kuketi na wazee

Watu wa Moba na Kalemie wanalijua jina la Stefano Kaoze. Wengi wanajua jambo moja tu: ndiye Mukongo wa kwanza kupewa upadri katika nyakati hizi zetu. Mwaka wa 2017 Kanisa la Kongo lilifanya sikukuu kubwa ya miaka 100 tangu siku ile. Lakini maisha yake yana somo lingine, na linamhusu kila mutu aliyepata cheo au masomo kuliko ndugu zake.

Kaoze alizaliwa katika miaka ya 1880, kule milimani Marungu, kati ya Watabwa. Wakati ule nchi ilikuwa imechoka na vita vya biashara ya watumwa. Mapadri Weupe walikuwa wameshika kituo cha Mpala, kando ya ziwa, tangu 1885. Kijana Kaoze aliingia shule yao, akabatizwa, kisha akaanza seminari. Masomo yalikuwa marefu na magumu: Kilatini, Kifaransa, filozofia, teolojia. Askofu Victor Roelens, Mubelgiji, alikuwa mukali sana kwa vijana wale. Wengine waliacha njiani. Kaoze aliendelea.

Akiwa bado mwanaseminari, karibu na 1910, maandishi yake juu ya roho na mawazo ya Wabantu yalichapishwa kwa Kifaransa huko Ubelgiji. Hakuna Mukongo aliyekuwa amefanya vile mbele yake. Hebu fikiri: kijana wa kijijini, anasomwa na wakubwa wa Ulaya! Na katika maandishi yale, mahali fulani anawaangalia watu wake kwa macho ya mwalimu wake muzungu, kama mutu aliyetoka gizani na kuwahukumu waliobaki nyuma. Hatari ya kiburi ilikuwa hapo. Elimu inaweza kumtenga mutu na mama yake mwenyewe.

Tarehe 21 mwezi wa saba 1917, Roelens alimpa upadri kule Baudouinville, ndiyo Moba ya leo. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, Kaoze alifika mpaka Ulaya. Mutu mweusi mwenye kanzu ya padri, aliyesema Kifaransa vizuri, alikuwa ajabu kwa watu kule. Sifa hazikukosa.

Kisha alirudi nyumbani. Sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki aliitumia kati ya watu wa Marungu na kando ya ziwa: kufundisha, kubatiza, kuungamisha, kutembelea wagonjwa. Na alifanya jambo ambalo msomi mwenye kiburi hawezi kulifanya: aliketi na wazee, akawauliza. Aliandika habari za koo za Watabwa, safari za mababu zao na desturi zao. Yule aliyeandika kama mwalimu alikubali kuwa mwanafunzi tena, na walimu wake walikuwa watu wasiojua hata herufi moja.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili. Unyenyekevu si kukubali kudharauliwa. Wakati wa ukoloni, padri mweusi alikuwa padri kweli altareni, lakini mbele ya serikali alibaki mtu wa chini. Kaoze hakutumia unyenyekevu kama kisingizio cha kunyamaza. Baada ya vita ya pili ya dunia, alipewa kiti katika Baraza la Serikali ya koloni, kati ya Wakongo wa kwanza kabisa kuingia humo. Alikwenda kuketi na wakubwa, kama vile alivyoketi na wazee wa kijiji. Mnyenyekevu hajifanyi mudogo. Anaacha tu kujipima kwa kuwapunguza wengine.

Uaskofu hakuupata. Mukongo wa kwanza kuwa askofu, Pierre Kimbondo, aliwekwa mwaka wa 1956. Kaoze alikuwa amekwisha kufariki mwaka wa 1951, hapa Albertville, muji unaoitwa leo Kalemie. Alifungua mlango, wengine wakaingia mbali kuliko yeye.

Leo katika parokia, katika makanisa ya uamsho, katika ofisi na hata katika familia, ugomvi mwingi unaanzia kwa neno dogo: nani wa kwanza? Nani ataketi mbele, nani atashika mikro, nani ataitwa mukubwa? Kaoze alikuwa wa kwanza kweli, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya nafasi hiyo. Lakini kinachofanya jina lake likae vizuri midomoni mwa watu si kutangulia tu. Ni kwamba, alipokwisha kufika mbele, aligeuka akarudi kwa wale waliobaki nyuma, akawasikiliza.