Gunder Hägg: Aliyebisha Hodi Mlango wa Dakika Nne

Miongoni mwa wanariadha waliotamba katika karne ya 20, Gunder Hägg wa Uswidi ni shujaa wa aina yake: alivunja rekodi nyingi za dunia, ila hakuwahi kukimbia katika Michezo ya Olimpiki hata mara moja.

Hägg alizaliwa tarehe 31 Desemba 1918 kijijini Albacken, mkoa wa Jämtland. Babake alikuwa mkata miti, naye akaishika kazi hiyo ujanani; misitu yenye theluji ikawa uwanja wake wa mazoezi. Nyota yake ilipong'aa, dunia ilikuwa vitani, na Olimpiki za 1940 na 1944 zilifutiliwa mbali. Hata hivyo, Uswidi haikuegemea upande wowote, na mashindano yaliendelea nchini humo. Kati ya Julai na Septemba 1942, Hägg alivunja rekodi za dunia mara kumi, kuanzia mita 1,500 hadi mita 5,000. Mnamo tarehe 20 Septemba, mjini Göteborg, akawa binadamu wa kwanza kukamilisha mita 5,000 chini ya dakika 14.

Mpinzani wake mkuu alikuwa Mswidi mwenzake, Arne Andersson. Hägg alipokuwa ziarani Marekani mwaka 1943, Andersson alimpokonya rekodi ya maili. Hägg aliirejesha tarehe 17 Julai 1945 mjini Malmö, kwa dakika 4 na sekunde 1 na ushei. Mlango wa dakika nne ukawa mbele yake.

Hakuufungua. Mwaka 1946, wakuu wa riadha wa Uswidi walimpiga marufuku ya maisha, pamoja na Andersson, kwa kosa la kupokea malipo, kwani sheria za wakati huo ziliwataka wanariadha wakimbie bila ujira. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Rekodi zake za maili na mita 5,000 zilidumu hadi Mei 1954, zilipovunjwa na Roger Bannister wa Uingereza na Emil Zátopek wa Chekoslovakia mtawalia. Hiyo ya mita 5,000 ndiyo iliyokuja kutua mikononi mwa Mkenya Kipchoge Keino mwaka 1965.

Hägg aliaga dunia tarehe 27 Novemba 2004, wakati ambapo wanariadha walikuwa wakilipwa hadharani kwa kazi ileile aliyoadhibiwa kwayo. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hägg alicheza kwao, na kutuzwa ndiko kulikomponza.