Kaisari Tiberio na Dinari Yake

Jina la Kaisari Tiberio twalisoma mahali pamoja tu katika Injili, yaani Luka 3:1. Lakini sura yake ilipita mikononi mwa watu kila siku.

Tiberio alizaliwa mwaka 42 K.K. Mama yake, Livia, aliolewa baadaye na Kaisari Augusto. Tiberio akawa jemadari hodari, wala hakupata raha nyumbani. Augusto alimlazimisha kumwacha Vipsania, mke aliyempenda, ili amwoe Julia, binti Kaisari. Mwaka 4 B.K. Augusto alimfanya mwana wa kupanga, na mwaka 14 Tiberio akarithi kiti chake.

Dinari zake za fedha zilipigwa kwa wingi huko Lyon, katika Ufaransa ya leo. Moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tusomavyo katika Mathayo 20. Upande mmoja ni kichwa cha Tiberio chenye shada la majani, na anwani imwitayo mwana wa Augusto aliye mungu. Upande wa pili ameketi mwanamke mwenye fimbo ya enzi na tawi, na anwani yamtaja Kaisari kuwa kuhani mkuu.

Wataalamu wengi hudhani ndiyo dinari aliyoletewa Bwana Yesu katika Mathayo 22. Basi tuone uzito wa mtego ule. Kwa Myahudi mcha Mungu, maneno ya sarafu ile yalikuwa kufuru. Aliyesema kodi ilipwe angechukiwa na watu. Aliyekataza angeshitakiwa kwa Pilato.

Tiberio mwenyewe alijua kuwa ni mwanadamu. Mwaka 25 watu wa Hispania waliomba kumjengea hekalu, akakataa. Baadaye alihamia kisiwa cha Capri, akatawala kwa barua, amejaa shaka, na wengi wakauawa kwa kushitakiwa uhaini. Alifariki mwaka 37, na Baraza la Rumi halikumtangaza kuwa mungu.

Bwana wetu aliirudisha sarafu kwa mwenye sura yake. Sisi nasi twalipa kodi, na ni haki. Lakini mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, wala hakuna Kaisari awezaye kumdai huyo. Tunapopeleka sadaka Jumapili, tukumbuke kwamba Mungu hadai shilingi iliyo mkononi tu, bali na mkono wenyewe.